Mahali pa Kusimama: Mtazamaji wa Rali mbele ya Dini na Falsafa

Katika maandiko ya dini na ya falsafa mtazamaji wa michezo ameshtakiwa mara nyingi kwa kosa la macho, yaani kwa kile anachopenda kukitazama, lakini ni mara chache ameulizwa swali ambalo kwa haki lingetangulia, nalo ni la miguu: amesimama wapi? Swali hilo huonekana dogo, na pengine ndiyo sababu wanateolojia wamewaachia wasimamizi wa njia na tepe zao. Hata hivyo, katika mbio za magari zinazoitwa rali, mahali pa kusimama ndipo penye uzito wote wa maadili, na mafundisho ya kale kuhusu maonyesho, pamoja na hekima yake kubwa, hayamfikii mtu anayekwenda kuzitazama mbio hizo ana kwa ana mpaka yasomwe upya kuanzia hapo.

Rali ni mashindano ambayo magari hayakimbizani bega kwa bega katika uwanja wa mviringo, bali kila gari huondoka peke yake, dakika chache baada ya lililotangulia, na kushindana na saa katika vipande vya barabara vilivyofungwa kwa muda, ambavyo huitwa hatua. Mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake katika hatua zote ni ndogo kuliko ya wenzake. Kwa kuwa barabara hizo ni zile zile za mashamba, za misitu na za vijiji, hakuna jukwaa wala kiti chenye namba, wala ukuta wa saruji kati ya anayetazama na anayetazamwa, isipokuwa pale waandaaji walipofunga utepe na kumweka kijana mwenye filimbi. Mtazamaji huacha gari lake mbali, hutembea kwa miguu kupita kwenye nyasi, kisha huchagua mwenyewe ukingo atakaosimama.

Kwa mkazi wa Lubumbashi jambo hili haliko mbali kama linavyoweza kudhaniwa. Mpaka wa Kasumbalesa uko chini ya kilomita 100 kutoka mjini, na ng'ambo yake ni Zambia, nchi iliyomtoa Satwant Singh, bingwa wa rali wa Afrika mara kadhaa. Mbali zaidi, upande wa mashariki, iko Safari Rally, iliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na ambayo katika miaka yake ya mwanzo ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Bert Shankland wa Dar es Salaam aliishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, Joginder Singh wa Kenya aliishinda mara tatu, na Shekhar Mehta mara tano, nne kati ya hizo zikifuatana kuanzia 1979 hadi 1982. Mbio hizo zilihesabiwa katika ubingwa wa dunia kuanzia 1973 hadi 2002, zikaachwa, kisha zikarudi mwaka 2021 zikiwa na makao yake Naivasha. Kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, na mwaka 2024 zilirudi kwenye desturi hiyo, kuanzia tarehe 28 hadi 31 Machi, hata hatua ya mwisho ikakimbiwa Hell's Gate Jumapili yenyewe ya Ufufuko. Kwa hiyo swali la dini halikuletwa na wanazuoni kutoka nje. Liliandikwa katika ratiba.

Wa kwanza kulijibu kwa ukali alikuwa Mwafrika. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo, aliandika kitabu kizima juu ya maonyesho mnamo mwaka 200 B.K. hivi, na mbio za magari ya kukokotwa na farasi zilikuwa miongoni mwa shabaha zake kuu. Hoja yake ya kwanza ni kwamba mbio hizo zilizaliwa ndani ya ibada ya miungu, na kwamba mtu aliyeikana miungu hiyo wakati wa ubatizo hawezi kurudi kuketi nyumbani mwao. Hoja ya pili, iliyoishi muda mrefu zaidi, ni kwamba onyesho humvua mtazamaji utulivu wake, likamfanya apige kelele, amchukie asiyemjua na kuweka dau juu ya jambo lisilomhusu. Yeyote aliyewahi kuketi katika uwanja wa Kamalondo, Lubumbashi, siku klabu ya soka ya Mazembe inapocheza na Lupopo ataona kwamba Tertuliano hakuwa mtu wa kubuni mambo.

Karne mbili baadaye Augustino, aliyezaliwa Thagaste katika Aljeria ya leo, alilichukua jambo hilo kwa upole zaidi na kwa undani zaidi. Katika kitabu cha sita cha Maungamo anaeleza habari za rafiki yake Alipio, ambaye huko Karthago alikuwa mtumwa wa mbio za magari ya farasi mpaka somo moja la Augustino likamponya, lakini alipofika Roma kusomea sheria marafiki walimburuta kwenye mapigano ya watu waliouana mbele ya umati. Alipio alifumba macho akiamini kwamba mwili wake tu ndio uliokuwa pale, na angefaulu kama angeweza kuziba masikio pia. Kelele kubwa ya umati ilimfumbua macho, na akiisha kutazama hakuwa tena mtu aliyekuja bali mmoja wa wale aliokuja nao. Hakuna uchunguzi wa nafsi ya mtazamaji uliowahi kuupita huu. Lakini msomaji makini atatambua kwamba katika simulizi lote la Alipio hatari ni ya moyo peke yake: mwili umeketi salama juu ya jiwe, na yanayotendeka uwanjani hayabadiliki hata kidogo kwa sababu yeye yupo.

Upande wa Uislamu jambo limeelekezwa tofauti. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi huruhusu zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na mishale, na mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wamejadiliana kwa karne nyingi kama vyombo vingine vinaweza kuingizwa humo kwa kipimo cha manufaa yake. Muhimu zaidi kwa mada hii ni hadithi nyingine, iliyomo katika Bukhari na Muslim, isemayo kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini Madina, na Mtume Muhammad (S.A.W.) akamwacha Bibi Aisha awatazame kutoka nyuma ya bega lake, naye akamstiri mpaka Aisha mwenyewe alipotosheka. Kwa kawaida hadithi hiyo hutajwa kuthibitisha kwamba kutazama mchezo ni halali. Kinachopitwa ni kwamba hiyo ni moja ya habari chache za kale zinazotaja kwa uangalifu mtazamaji alisimama wapi, na kwamba kati yake na mikuki alikuwapo mtu.

Wanafalsafa wa Ulaya, kwa upande wao, walimpa mtazamaji heshima ambayo dini zilimnyima, ila kwa sharti moja. Cicero anasimulia kwamba Pythagoras aliyafananisha maisha na sikukuu ya michezo ya Wagiriki, ambako wengine huja kushindana, wengine kuuza na kununua, na walio bora huja kutazama tu, na hao ndio wanafalsafa. Mshairi Lucretius, katika mwanzo wa kitabu chake cha pili, alimweka mtazamaji huyo ufukoni, akiangalia chombo kikihangaika baharini, na akakiri kwamba kuna utamu katika kuangalia huko, si kwa kuwa mwingine anateseka bali kwa kuwa mtazamaji anatambua balaa aliyoepushwa nayo. Immanuel Kant, mwaka 1790, alilisema sharti lenyewe waziwazi alipoeleza hisia ya mshangao unaochanganyika na hofu mbele ya mambo makubwa ya maumbile, kama dhoruba na volkano: hisia hiyo huinua nafsi ya mwanadamu pale tu anapokuwa mahali salama, kwa maana aliye hatarini hana nafasi ya kustaajabu. Fikra hii yote, tangu Pythagoras hadi Kant, imejengwa juu ya ufuko. Rali haina ufuko.

Ili jambo hilo lieleweke ni lazima kuangalia kwa karibu namna gari la rali linavyoendeshwa, kwa sababu mtu aliyezoea kuendesha gari mjini hudhani kwamba dereva wa rali naye huenda kwa kuangalia mbele. Ndani ya gari wamo watu wawili. Siku kabla ya mashindano wawili hao huruhusiwa kuipita kila hatua kwa mwendo wa taratibu, dereva akitamka anachokiona na mwenzake, anayeitwa mwelekezi, akikiandika daftarini kwa alama fupi: kona ya kushoto ya kiwango fulani cha ukali, mita 80, kilima kisichoonesha upande wa pili, usikate kona kwa ndani kwa sababu kuna jiwe. Siku ya mashindano mwelekezi humsomea dereva maneno hayo sikioni, akitangulia kona moja au mbili, na dereva hukanyaga mafuta kuelekea ukingo wa kilima ambacho macho yake hayajaona nyuma yake, kwa kuwa neno limekwisha kumwambia kwamba barabara inaendelea moja kwa moja. Katika mwendo wa kilomita 120 kwa saa gari hukata zaidi ya mita 33 kila sekunde, nalo lina uzito unaozidi kilo 1,000 na limekanyaga kokoto zinazoteleza. Kusubiri kuona ndipo uamini ni kuchelewa.

Hapa pana mfano wa imani ambao mhubiri angeutafuta kwingine kwa tabu. Mtume Paulo anawafundisha Warumi kwamba imani hutokana na kusikia, na dereva wa rali huishi fundisho hilo kwa maana iliyo karibu mno na herufi zake, kwa kuwa hukabidhi maisha yake kwa neno la mtu anayeangalia daftari na si barabara. Lakini daftari hilo liliandikwa siku ambayo kando ya njia hapakuwa na mtu. Jiwe limeandikwa, mti umeandikwa, daraja na mfereji vimeandikwa. Mama mwenye mwavuli, vijana waliopanda kichuguu na mtoto aliyevuka kumfuata kaka yake hawamo. Mtazamaji anayesimama mahali pasipotarajiwa hujiweka katika ulimwengu ambao neno halikuutaja, na kumlazimisha dereva kuiacha imani yake ya kusikia na kurudi kwenye macho, wakati ambapo macho hayawezi tena kumsaidia. Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba mtu huyo amejihatarisha. Ameibadilisha barabara ya mwenzake bila kumwarifu.

Mtazamaji mwenyewe, kwa upande wake, huliona tukio kinyumenyume. Husikia kwanza: mngurumo nyuma ya miti, milio mikali ya injini gia zinaposhushwa kabla ya kona, filimbi ya msimamizi, kisha ukimya mfupi ambamo watu wote husogea hatua moja mbele bila kuambiana. Gari hutokea kwa ubavu, magurudumu ya nyuma yakitupa changarawe, na kabla jicho halijamaliza kulitambua limekwisha kupita, likaacha ukuta wa vumbi jekundu ambamo kwa muda hakuna anayemwona jirani yake. Kisha ni kusubiri dakika mbili au tatu, na katika dakika hizo ndipo kosa kubwa hutendeka, kwa sababu ndipo watu huvuka barabara kutafuta mahali pazuri zaidi. Alipio alishindwa na sikio lake katika uwanja wa Roma. Kando ya hatua ya rali sikio linalomvuta mtu mbele humsogeza na mwili wake wote, na hilo Augustino hakupata sababu ya kulifikiria.

Lubumbashi ina uhusiano wa kihistoria na jambo hili ambao haukumbukwi. Klabu ya Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto, waliokuwa na imani kwamba mchezo ulioongozwa vema humlea kijana, ikaitwa kwa majina ya watakatifu, Georgi na kisha Paulo, kabla ya kuchukua jina la Englebert, ambalo lilikuwa la kampuni ya Ubelgiji ya kutengeneza matairi. Ni kwa jina hilo la matairi, likiwa limeongezewa sifa ya Tout Puissant, yaani Mwenyezi, ambayo kwa kawaida hutengewa Mungu, ndipo klabu ilipochukua Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Miaka kumi kabla ya kombe la kwanza, tarehe 12 Mei 1957, jina hilo hilo lilikuwa juu ya matairi ya Ferrari iliyokuwa ikiendeshwa na Alfonso de Portago katika Mille Miglia, mashindano ya Italia ya maili 1,000 katika barabara za kawaida, ambayo magari yake yaliondoka moja moja na kila gari kubeba ubavuni saa yake ya kuondoka kama namba. Karibu na kijiji cha Guidizzolo tairi lilipasuka, gari likaruka na kuwaangukia watu waliosimama kando ya njia. Walikufa dereva, mwelekezi wake Edmund Nelson na watazamaji tisa, watano kati yao wakiwa watoto. Serikali ya Italia ilipiga marufuku mbio za namna hiyo, Enzo Ferrari akashtakiwa, na mwaka 1961 akaondolewa hatia.

Kesi hiyo iliuliza maswali ya tairi, ya mwendo na ya mwenye kiwanda, na yote yalikuwa maswali ya haki. Barabara ya Guidizzolo ilikuwa imenyooka, na mtu aliyesimama pale hakuwa na sababu ya wazi ya kujiona mpumbavu. Hivyo ni lazima kutofautisha ajali ambayo mtazamaji hakuchangia lolote ila kuwapo, na ile ambayo kuwapo kwake kulikuwa chanzo. Ya pili ilitokea Ureno tarehe 5 Machi 1986, katika hatua ya Lagoa Azul karibu na Sintra. Kwa miaka kadhaa watazamaji wa huko walikuwa na mchezo wao ndani ya mchezo, wa kusimama katikati ya barabara na kuruka pembeni dakika ya mwisho, na picha za wakati ule zinaonesha gari likipita katika mfereji wa watu unaofunguka mbele yake na kujifunga nyuma yake. Joaquim Santos, dereva Mreno, alijaribu kuwakwepa waliokuwa njiani, akapoteza udhibiti wa gari lake la Ford RS200 na kuingia katika umati. Watu watatu walikufa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Madereva wa timu za viwanda walikutana, wakakataa kuendelea. Mashindano yaliendelea bila wao.

Uamuzi wa madereva wale unastahili kupimwa kwa uzito kuliko kawaida, kwa sababu ndio jibu la upande wa pili wa makubaliano. Sheria ya Kirumi ilikuwa na kanuni isemayo kwamba anayekubali jambo hadhulumiwi nalo, na kwa kanuni hiyo mtazamaji aliyejua hatari akaenda kwa hiari yake hana wa kumlalamikia. Wanaotetea uhuru wa mtazamaji huishia hapo, wakidhani wamemaliza. Lakini kukubali kwake kunahusu kifo chake tu. Hakuwezi kumfunga dereva akubali kuwa muuaji. Mtu anayesimama nje ya kona huweka maisha yake mikononi mwa mtu mwingine bila kumuuliza, naye mtu huyo, hata sheria ikimsamehe, atakwenda na mzigo huo mpaka kaburini. Madereva wa mwaka 1986 walipokataa kuendesha walikuwa wanarudisha amana ambayo hawakuombwa waipokee.

Hiari yenyewe nayo ina mipaka. Mtoto aliyebebwa mabegani hakukubali chochote. Wala hakukubali mkulima ambaye hakwenda kwenye rali bali rali ilimjia, jambo lililokuwa la kawaida katika Safari ya zamani, iliyopita katika barabara zilizokuwa wazi kwa ng'ombe, baiskeli na malori, helikopta zikitangulia kumwonya dereva kwa redio. Mashindano ya Paris–Dakar yalilifikisha tatizo hili kwenye kilele chake: mwaka 1988 miongoni mwa waliokufa alikuwamo msichana wa miaka 10 nchini Mali, aliyegongwa akivuka barabara ya nyumbani kwao, na gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, likayalaani mashindano hayo kuwa maonyesho ya mali na nguvu mahali ambapo watu hufa kwa njaa na kiu. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, ingawa ilirudi tena kwenye macho, yaani kwenye aibu ya kinachooneshwa. Msichana yule hakuwa akitazama chochote. Wakazi wa kando ya barabara ya kwenda Kasumbalesa, ambayo malori ya shaba na kobalti huipita usiku na mchana, wangeielewa hali yake bila kuelezwa sana.

Pingamizi lenye nguvu zaidi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, hata hivyo, halitoki kwa wanasheria. Linatoka kwa mwumini asemaye kwamba ajali haina kinga, kwamba siku ya mtu imeandikwa, na kwamba aliyeandikiwa kufa kwa maradhi kitandani hatakufa kwa gari hata akisimama katikati ya njia. Maneno hayo husikika msikitini na kanisani kwa lafudhi tofauti kidogo, na mara nyingi husemwa kwa unyenyekevu wa kweli. Lakini dini zote mbili zilikwisha kuyajibu. Khalifa Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham na kusikia kwamba tauni imeingia huko, aliamua kurudi, na Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu kwenda katika nyingine. Maana yake ni kwamba tahadhari nayo ni sehemu ya yaliyoandikwa. Katika Injili ya Mathayo ibilisi anamsimamisha Yesu juu ya mnara wa hekalu na kumwomba ajitupe chini kwa kuwa malaika wameahidiwa kumdaka, na Yesu anakataa kwa sababu kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Mtu anayesimama nje ya kona na kutaja kadari hafuati imani ya kale. Amesimama juu ya mnara ule ule, na tofauti ni kwamba chini yake pana mwanadamu mwenye usukani ambaye ametwishwa kazi ya malaika.

Kama mambo yangeishia hapo, hitimisho la haraka lingekuwa kwamba ni heri kubaki nyumbani na kutazama kwenye televisheni, na wapo watakaoona kwamba ndilo lenye busara. Hitimisho hilo halifai, kwa sababu linasahau upande wa pili wa ukaribu. Katika Safari ya miaka ya mvua ni wanavijiji waliokuwa kando ya njia waliosukuma magari kutoka matopeni, na hata leo gari likipinduka nje ya barabara, wa kwanza kufika ni watazamaji, ambao hulishika ubavu mmoja na kulirudisha juu ya magurudumu yake kabla ya msaada rasmi kufika. Kuwapo kwao kuna maana kwa dereva kama kulivyo na hatari kwake, na televisheni haiwezi kusukuma gari.

Ni Katanga iliyowahi kutoa msamiati wa jambo hili. Mwaka 1945 kilichapishwa mjini Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, kitabu cha padri Mfransisko Placide Tempels juu ya falsafa ya Wabantu, kilichodai kwamba kwao kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, na kwamba nguvu za viumbe huongezana na kupunguzana, hata hakuna kiumbe kinachosimama peke yake kama kitu kilichofungwa. Kitabu hicho kimekosolewa, na kwa haki: Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin aliyefundisha pia Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alionesha hatari ya kuwapa watu wote wa bara falsafa moja wasiyoijua wenyewe, inayotamkwa kwa niaba yao na mgeni. Kama maelezo ya namna Mwafrika anavyofikiri, basi, kitabu hakisimami. Kama dai kuhusu namna mambo yalivyo, linalopaswa kupimwa kwa hoja kama dai lingine lolote, linamweleza mtazamaji wa rali vizuri kuliko ufuko wa Lucretius. Tempels mwenyewe baadaye alianzisha Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki lililokua miaka ya 1950 miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi na wake zao, ambalo lilifundisha kwa Kiswahili uzima, uzazi na mapendo, na kusisitiza kwamba watu hawakutani bila kila mmoja kumwachia mwenzake kitu. Kwa kipimo hicho, hakuna mtu anayetazama tu. Anayesimama mahali pabaya hupunguza uhai wa dereva hata kama hakuguswa, kwa kumtia hofu mahali ambapo neno la mwelekezi lilimwambia asiogope. Anayesimama juu ya mwinuko ndani ya kona, nyuma ya utepe, huongeza, kwa kuwa amempa dereva barabara yote na bado yupo karibu vya kutosha kukimbia kusaidia.

Mtu mmoja aliyeyajua mambo haya kutoka pande zote mbili ni Michèle Mouton wa Ufaransa, aliyemaliza wa pili katika ubingwa wa dunia wa madereva mwaka 1982 akiwa na Audi Quattro, na ambaye baadaye alisimamia usalama wa mashindano ya dunia kwa niaba ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari. Leo magari ya usalama hutangulia washindani katika kila hatua, na watazamaji wakikutwa mahali pabaya na kukataa kuhama, hatua husimamishwa au kufutwa. Mashabiki huzomea uamuzi huo. Wangepaswa kuupigia makofi kuliko ushindi wenyewe, kwa kuwa ndio wakati pekee ambapo mashindano yote hukubali waziwazi kwamba aliye kando ya njia ni sehemu yake.

Kwa mapadri, wachungaji na maimamu wa Lubumbashi, ambao waumini wao vijana huvuka mpaka kwenda kutazama mbio hizi na pengine siku moja watazitazama katika barabara za Haut-Katanga, ombi ni dogo. Wasipoteze hotuba zao kuuliza kama ni halali kufurahia mwendo wa gari, kwa kuwa swali hilo lina majibu mazuri ya pande zote. Wawaambie wasisimame nje ya kona, wasivuke barabara baada ya filimbi, wasiwapeleke watoto mahali ambapo mtu mzima atalazimika kukimbia, na wamtii msimamizi wa njia hata akiwa kijana mdogo kuliko wao, na wawaambie kwamba hayo ni mambo ya dini.